Acheni "amechuja" kama lilivyo, sahihisheni "haichuji"

Msanii wa zamani akitoa wimbo usiovuma, mitandaoni hufuata kauli mbili karibu kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mashabiki: "Huyu amechuja." Ya pili ni ya walinzi wa lugha, ambao siku hizi hawakosekani chini ya habari yoyote: "Si amechuja, ni amechujuka. Kuchuja ni kazi ya chujio." Watu hulipokea sahihisho hilo kwa unyenyekevu kwa sababu limevaa joho la sarufi. Mimi naona limekosea, tena limekosea pabaya. Neno "amechuja" halina kasoro yoyote, limetumiwa sawasawa na kwa maana yake halisi. Lenye kasoro ni ndugu yake, "haichuji", ambalo wauza nguo wamelitandaza juu ya kila kitambaa, kizuri kwa kibovu, hadi limeanza kumaanisha chochote. Na neno likishamaanisha chochote, mnunuzi hana pa kushika siku anapogundua kuwa amedanganywa. Tunapiga kelele kwenye sarufi iliyonyooka na kunyamaza kwenye biashara iliyopinda.

Tuanze kwenye beseni, maana huko ndiko neno lilikotoka kabla halijapanda jukwaani. Kanga mpya ikilowekwa na maji yakageuka mekundu, anayefua atasema "inachuja". Ikishafuliwa mara kadhaa, ikaanikwa, ikakauka na kuonekana si ile iliyotoka dukani, atasema "imechujuka". Ikiwa ililowekwa pamoja na shuka jeupe, shuka likatoka na wekundu wa kuazima, atasema kanga "imelichujia shuka". Na nguo mbili za rangi zikiharibiana katika beseni moja, hizo "zimechujiana". Mzizi mmoja umegawa kazi nne bila kikao cha kamati yoyote: tendo lenyewe, hali inayobaki baada ya tendo, jirani aliyepatwa, na hasara ya pande mbili. Wanaotaka kuchuja kubaki kwenye tui na chai hawajatuambia hizo nyingine tatu zitasimama juu ya nini. Nguo isiyoweza kuchuja itaichujiaje nguo nyingine?

Sasa itazame nguo ya namna ya pili. Hii haitoi hata tone la rangi kwenye maji. Unaifua mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, maji yanatoka na uchafu tu. Lakini baada ya msimu mzima wa kuanikwa kwenye kamba, mabega yamekuwa meupe-meupe, na ukikunjua pindo unaikuta rangi ya asili imejificha mle ndani ambamo jua halikufika. Hiyo haikuchuja. Imepauka. Kupauka ni neno la jua, upepo na ukavu, ndiyo maana tunalisema pia kwa ngozi isiyopakwa mafuta na kwa nyasi za kiangazi. Kuna kufubaa nako, ambako rangi ipo lakini mng'ao umekwenda, kama shati jeupe linalogeuka la kijivujivu kwa sabuni isiyosuuzwa vizuri. Kuna kufifia, linalofaa zaidi taa, sauti na nyota. Wazee wana kukwajuka, ambalo ni karibu na kuchujuka na sasa halisikiki sana mijini. Upande wa uchafu unaoingia badala ya rangi inayotoka tuna doa, waa na baka, na mfuaji mzoefu hayachanganyi: doa ni dogo na lina mpaka, baka limetawanyika na halina umbo. Huo ni utajiri wa watu ambao kwa vizazi wamevaa, wamefua na kuanika nguo za rangi kwenye jua kali la karibu na ikweta, na walihitaji kujua nani alaumiwe.

Hilo la lawama ndilo kiini cha jambo. Ukisema nguo imechuja, unailaumu nguo, au aliyeitia rangi. Ukisema imepauka, unalitaja jua, na pengine aliyeianika. Hasara inafanana machoni lakini hesabu zake haziendi kwa mtu mmoja.

Kuna wanaodhani tofauti za namna hii ni madoido ya wazee na wataalamu wa lugha. Waende maabara. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina mfululizo mzima wa viwango, namba 105, kuhusu uimara wa rangi kwenye nguo, na mfululizo huo umegawanywa karibu vile vile mfuaji anavyogawa maneno yake. Sehemu ya C06 inapima kufua. Sehemu ya B02 inapima mwanga. Sehemu ya X12 inapima kusuguliwa. Kwenye kipimo cha kufua, kipande cha kitambaa kinachochunguzwa hushonewa kitambaa kingine kisicho na rangi, vikafuliwa pamoja, kisha mpimaji hutoa alama mbili zinazojitegemea: moja kwa jinsi kitambaa chenyewe kilivyobadilika, nyingine kwa jinsi kile cheupe kilivyoshika rangi isiyo yake. Alama huanzia 1 hadi 5, na 5 maana yake hakuna kilichobadilika. Mwanga umewekewa ngazi yake, ya 1 hadi 8, ambapo sampuli huwekwa mbele ya taa kali pamoja na vipande vya sufu ya bluu vinavyopauka kwa kasi tofauti zinazojulikana. Kwa hiyo wataalamu wa viwango wana alama moja ya kuchujuka, nyingine ya kuchujia, na ya tatu, kwa kipimo kingine kabisa, ya kupauka. Kitambaa kinaweza kupata 5 kwenye maji na kikaaibika kwenye mwanga. Mashirika ya viwango ya Tanzania, TBS, na ya Kenya, KEBS, ni wanachama wa ISO. Msamiati wa kuyasema haya kwa Kiswahili tunao tayari, wala hauhitaji kutungwa upya.

Na sababu za kikemia zinatenganisha mambo haya vile vile. Rangi nyingi za kisasa za pamba ni zile zinazoungana na uzi kikemia, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956. Zikiungana vizuri, maji hayazing'oi. Tatizo ni kwamba wakati wa kutia rangi, sehemu ya rangi hiyo haiungani na uzi, inaungana na maji, kisha inabaki imekaa tu juu ya kitambaa bila kushikwa na chochote. Kiwanda makini huiondoa kwa kusuuza tena na tena kwa maji ya moto na sabuni. Kiwanda kinachobana maji, kuni au muda huiacha mle mle, nawe ndiye unayemalizia kazi ya kiwanda nyumbani kwako, kwa sabuni yako. Hapo ndipo maji ya kanga mpya yanapogeuka mekundu. Kupauka ni habari nyingine: mwanga unavunja ile sehemu ya molekuli inayoipa rangi sura yake, hata kama imeushika uzi barabara. Rangi haijaenda popote, imekufa hapo hapo ilipo. Dawa ya kung'arishia yenye klorini, ile watu wanayoiita jiki, hufanya kazi ya namna hiyo kwa dakika badala ya miezi. Ndiyo sababu kanga iliyodondokewa na jiki haina doa kwa maana ya kitu kilichoongezeka. Ina baka la mahali ambapo kitu kimeondoka.

Turudi kwa wasahihishaji, maana hoja zao hazilingani uzito. Iliyo nyepesi kuliko zote ni ile inayosema "amechuja" ni lugha ya vijana, uchafu ulioletwa na Bongo Fleva. Bongo Fleva ilianza kuvuma miaka ya 1990. Kanga ilianza kuvaliwa Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, miongo michache tu baada ya kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, kugundua rangi ya kwanza ya viwandani huko London mwaka 1856. Wanaofua nguo zinazotoa rangi hawakusubiri studio za Dar es Salaam ndipo wapate kitenzi. Vijana walichofanya ni kulitoa neno uani na kulipeleka ukumbini, kama walivyofanya kwa "amefulia", wakimaanisha kuishiwa. (Mitaa ya Dar inaupenda sana mfano wa dobi, na sijui kwa nini wapenda lugha wanaichukia zawadi hii.) Kulihamisha neno kutoka kitu hadi mtu ndiyo kazi ya lugha kila siku, na hapa halikupoteza hata punje ya maana njiani.

Hoja ya pili ni ya kisarufi na inastahili jibu la kisarufi. Wanasema kuchuja ni kitenzi kinachotaka mtendwa: mtu huchuja tui, huchuja chai, huchuja asali. Nguo haichuji kitu, kwa hiyo haiwezi kuchuja. Sikiliza basi jinsi tunavyosema mengine. Maji yanavuja, na ndoo nayo inavuja. Damu inatoka puani, na pua nayo inatoka damu. Maji yamejaa mtaani, na mtaa umejaa maji. Kiswahili hakioni tabu kukipa kitenzi kile kile mtendaji aliye chombo na mtendaji aliye kilichomo, hasa pale ambapo kitu kinatoka ndani ya kingine. Rangi inachuja, nguo inachuja. Ukitaka "nguo inachuja" iwe kosa, lazima uwe tayari kumwambia mtu kwamba ndoo yake haivuji. Zaidi ya hapo, anayekamua nazi anaijua picha hii bila kufundishwa: tui la kwanza, kasimele, hutoka zito, la pili jepesi, na linalofuata ni maji yenye harufu ya nazi, huku chujio likibaki na machicha. Nguo inayochuja imekuwa chujio la rangi yake yenyewe.

Na "amechujuka"? Ni neno sahihi, limo kamusini, nami silikatai. Ila halifanyi kazi ya "amechuja". Kile kiambishi cha mwisho ndicho tunachokisikia katika kubanduka na kufumuka, vitu kuachana na mahali vilipokuwa vimeshikwa, na kinachotajwa ni hali iliyofikiwa. Anayesema "amechujuka" anakitazama kilichobaki kwenye kamba. Anayesema "amechuja" anayatazama maji kwenye beseni, na anamwonyesha mhusika kwa kidole. Mhariri anayembadilishia mwandishi wake la pili kuwa la kwanza hajasahihisha kitu. Amemgeuza shahidi kuwa mpita njia.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa kidogo. Kuchuja kwa maana ya kuchambua na kubakiza kumestawi mno miaka hii. Vyama vya siasa vina mchujo. Magazeti ya Kenya yamezoea kuandika kura za mchujo kwa uteuzi wa wagombea. Mashindano ya mpira yana hatua ya mchujo. Programu za simu zina kitufe kilichoandikwa Chuja, cha kukusaidia kupunguza orodha ndefu ya matokeo. Kwa hali hii, wanasema, kichwa cha habari "Mgombea fulani amechuja" kinaweza kusomwa mara mbili: amepunguza wapinzani, au mvuto wake umekwisha? Kubali kwamba kweli kinaweza. Na msomaji wa Nairobi au Bukavu, ambaye kwake nguo "inatoa rangi" zaidi kuliko "inachuja", anaweza kupotea kabisa. Mwandishi anayewaandikia wote ana haki ya kutafuta njia nyingine. Lakini utata huo unatibiwa na sentensi inayofuata, au na kauli ya kutendwa: aliyeondolewa kwenye kura za maoni amechujwa, aliyeishiwa mvuto amechuja. Herufi moja imetosha kuwatenganisha aliyeshindwa na wenzake na aliyeshindwa na nafsi yake. Lugha inayoishi kwa raha na paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani haiwezi kusambaratishwa na hili.

Sasa twende kwenye soko, ambako uharibifu halisi unafanyika bila mtu kuandika sahihisho lolote. Fungua ukurasa wowote wa muuza vitenge, mashuka au madera. Chini ya picha utakuta maneno ya aina moja: "Kitambaa kizuri, hakichuji, hakipauki." Yamekaririwa kama kiitikio. Ukiyasoma kwa makini, ni ahadi mbili za uzito tofauti kabisa. Kutochuja ni jambo linaloweza kuthibitishwa papo hapo: lowesha pembe ya kitambaa, ikandamize kwenye kitambaa cheupe, sugua kidogo, utazame. Dakika moja inatosha. Kutopauka hakuwezi kuthibitishwa dukani kwa njia yoyote; kunahitaji taa ya maabara au miezi ya jua. Muuzaji anayezitoa ahadi zote mbili kwa pumzi moja anaichukua ile inayopimika aibebeshe ile isiyopimika. Mnunuzi naye, kwa kuwa anasikia "haichuji" likitumika kwa kila kitu, anaponunua shuka la dirishani likapauka baada ya miezi sita, hulalamika kwamba "limechuja". Muuzaji anamwomba alilete, analoweka, maji hayabadiliki, anamrudishia kwa tabasamu. Kisheria muuzaji huyo hana kosa kuhusu neno alilolalamikiwa, na kosa lake la kweli halikutajwa.

Kariakoo niliwahi kumsikia muuza vitenge akimjibu mteja aliyeuliza kama kitambaa kinachuja: "Hakichuji, mama, lakini usikianike juani mchana." Yule alikuwa anakijua Kiswahili kuliko kurasa elfu za mauzo, na nadhani aliuza vizuri tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinajitembeza kwa hashitegi.

Kuna ulaghai wa pili unaojificha nyuma ya neno hili, nao ni mpya. Picha za bidhaa hupitishwa kwenye kile simu zinachokiita kichujio, na mara nyingi kichujio hicho kazi yake ni kuongeza rangi. Nyekundu inakuwa ya kuwaka, bluu inakuwa ya bahari. Kitambaa kinafika kwa bodaboda kikiwa cha kawaida, mteja anaapa kuwa kimechuja hata kabla ya kufuliwa. Hakijachuja. Rangi ile haikuwahi kuwa kwenye uzi, ilikuwa kwenye picha. Ajabu ya lugha ni kwamba neno lililotumika miaka yote kwa kupoteza rangi sasa limezaa jina la chombo cha kuiongeza, na hakuna msahihishaji hata mmoja aliyelalamika.

Hata tiba za nyumbani zimeharibiwa na mchanganyiko huu. Wengi tumelelewa tukiambiwa kanga mpya ilowekwe kwenye maji ya chumvi "ili ishike rangi". Chumvi ina kazi kweli, lakini ndani ya pipa la kutilia rangi, ambako huisukuma rangi iliyo kwenye maji iuendee uzi. Nyumbani, rangi ambayo kiwanda hakikuifunga, chumvi haiwezi kuifunga. Pengine itapunguza kuchuja ndani ya maji yale tu. Kinachosaidia dhidi ya kuchuja ni maji ya baridi, kutolowesha muda mrefu, na kutenga nguo kwa rangi zake. Kinachosaidia dhidi ya kupauka ni kugeuza nguo ndani nje na kuianika kivulini. Anayeita yote kuchuja atatia chumvi kwenye tatizo la jua, kisha ailaumu chumvi.

Watengeneza batiki wadogo ndio wanaoumizwa zaidi, na hapa natoa utetezi wao. Wanaotumia rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidro, na ambao wanasubiri kitambaa kipigwe na hewa hadi rangi irudi katika hali yake isiyoyeyuka ndani ya uzi, hutoa kitambaa kinachovumilia maji vizuri. Jamaa ya rangi hizo ni nili, ile inayotoka kwenye chombo ikiwa ya kijani cha manjano na kugeuka bluu mbele ya macho yako. Asiyesubiri, akasuuza harakaharaka, atauza kitambaa kinachochuja. Hawa wawili wanakaa meza jirani kwenye maonyesho, wote wakiandika "haichuji", na mnunuzi aliyeumizwa na wa pili hamwamini tena wa kwanza. Wapo hata wanaosema wazi kwamba wanapendelea mtumba, kwa hoja ambayo siwezi kuipinga: nguo ya mtumba ilikwisha kuchuja ilichokuwa nacho huko ilikotoka, kilichobaki kimeshika. Ni hukumu nzito kwa viwanda na mafundi wa kwetu kwamba ushahidi bora wa uimara wa rangi ni kufuliwa na mtu wa Ulaya. Jinzi peke yake ndiyo imeponea hapa, maana imegeuza udhaifu kuwa sifa: nili yake haizami hadi katikati ya uzi, kwa hiyo hupauka na kusuguka kwa mitindo, na watu hulipia zaidi ile iliyopaushwa tayari kiwandani.

Sheria haziko mbali na jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kuwapotosha wateja, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini ili useme umepotoshwa lazima kuwe na dai lenye maana inayojulikana. "Haichuji" likibaki na maana yake ya beseni, ni dai linaloweza kuthibitika au kuvunjika mbele ya yeyote, awe afisa au jirani. Likiachwa limaanishe pia haipauki, haifubai, haichakai na "ni nzuri", linakuwa sifa tupu ya sokoni, na hakuna aliyewahi kushitakiwa kwa kusema bidhaa yake ni nzuri. Ningependa kuona lebo za nguo zinazouzwa kwetu zikiandikwa kwa maneno haya haya ya uani: haichuji katika maji ya baridi; hupauka ikianikwa juani; isifuliwe pamoja na nyeupe. Mistari mitatu, kila mmoja na mwenye kuuwajibikia. Baadhi ya lebo tulizonazo zimetafsiriwa kwa mashine hadi mtu anaambiwa "usifanye rangi kukimbia", na bado tunapoteza jioni nzima tukimkosoa shabiki wa muziki aliyetumia Kiswahili cha bibi yake.

Shabiki naye, kwa kuwa nimemtetea, ana deni. Akisema msanii amechuja anadai jambo kubwa: kwamba rangi ile haikuwa imeshika tangu mwanzo, ilikuwa juu juu, na maji ya kwanza yaliyomfika yaliiondoa. Kwa mtu aliyevuma kwa wimbo mmoja wa msimu na kunyamaza, dai hilo linaweza kuwa la haki. Kwa mtu aliyeimba miongo miwili na sasa redio hazimpigi, si la haki; huyo amepauka, na linalostahili kuulizwa ni nani aliyemwacha juani, iwe ni mapromota, ni mikataba, au ni masikio yetu yanayotaka kipya kila Ijumaa. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipopewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 sauti yake ilikuwa ya kikongwe, inakwaruza, imepigwa na jua la maisha marefu, na aliendelea kuitwa majukwaani karibu hadi alipofariki mwaka 2013. Kupauka alipauka. Kuchuja, hata maadui zake wasingethubutu kulisema. Mwandishi wa burudani aliyebaki na kitenzi kimoja kwa wote wawili, iwe ni "amechuja" la mashabiki au "amechujuka" la wasahihishaji, hana namna ya kuwaeleza wasomaji wake tofauti kati ya bibi yule na nyota wa wimbo mmoja.